Pengo Si Mwanya: Uhakiki wa Istilahi za Programu ya Crispy

Makala haya yanakusudia kuhakiki lugha ya programu moja ya kompyuta iitwayo Crispy, pamoja na majaribio yetu wenyewe ya kuieleza kwa Kiswahili. Huenda msomaji akauliza jarida la istilahi lina shughuli gani na programu ya wanafizikia. Jibu ni kwamba neno lililomo kitabuni husomwa, bali neno lililomo katika skrini ya kompyuta hutendwa. Msomaji wa kitabu akikuta neno baya aweza kurudi nyuma na kuitafuta maana katika sentensi iliyotangulia. Mtumiaji wa programu hana sentensi iliyotangulia. Mbele yake pana neno moja, kisanduku kimoja na tarakimu moja. Akilielewa neno vibaya hukosea hesabu, na hesabu iliyokosewa humrudishia mchoro mzuri usio na dalili ya kosa.

Sababu ya pili inanihusu mimi binafsi, nami sina budi kuikiri. Wakati fulani mwalimu wa chuo alileta mezani kwangu waraka wa kurasa tatu, alioutayarisha kwa Kiswahili ili kuomba kibali cha kuiweka programu hii katika kompyuta za wanafunzi wake. Aliniomba niupitie kwa upande wa istilahi tu. Waraka ulisema kwamba programu hiyo ni ya "spektroskopia ya kiini kwa mionzi ya eksirei". Nilitazama kamusi, nikaridhika, nikatia saini. Ofisi iliyoupokea iliyaona maneno mawili, kiini na mionzi, yamekaa pamoja, ikaurudisha kwa maelezo kwamba maombi ya shughuli za nyuklia hayana budi kupitia kwanza kwa wasimamizi wa usalama wa mionzi. Karani aliyeandika hivyo hakukosea, kwa kuwa alikisoma Kiswahili kama kilivyoandikwa. Muhula ukaisha kabla barua hazijamaliza safari zao. Programu isiyotoa mwonzi hata mmoja, ambayo kazi yake ni hesabu tupu, ilizuiwa na neno lililopita mikononi mwangu.

1. Programu yenyewe

Crispy imeandikwa na Marius Retegan wa kituo cha Ulaya cha mionzi ya sinkrotroni, ESRF, kilichoko Grenoble, Ufaransa. Katika kituo hicho elektroni huzungushwa ndani ya pete yenye mzingo wa mita 844 kwa kasi inayokaribia sana ile ya nuru. Njia yao inapopindwa na sumaku, elektroni hizo hutoa eksirei kali mno. Barani Afrika hakuna hadi leo kituo cha namna hiyo, na mtafiti wa huku anayetaka kupima hana budi kuomba nafasi ng'ambo na kusafiri. Ndiyo maana programu ya kukokotoa ina thamani ya pekee kwa walimu wetu. Mwanafunzi wa Dodoma au Mwanza, ambaye pengine hataiona mashine hiyo maishani, aweza kujua kwa kompyuta ya kawaida spektra ingetarajiwa kuwa na umbo gani.

Jambo linalokokotolewa ni hili. Elektroni za kila atomi zimepangika kwa ngazi. Zile za nje ndizo zinazoshiriki katika miungano ya kikemia; zile za ndani zimeshikwa kwa nguvu zaidi. Eksirei yenye nishati ya kutosha ikiifikia elektroni ya ndani, huiondoa mahali pake. Kwa nikeli, elektroni za ngazi ya 2p huanza kuondoka nishati ifikapo karibu elektronivolti 853. Kwa chuma, karibu 707. Kwa kuwa kila elementi ina tarakimu zake, mtafiti aweza kuitambua elementi moja iliyochanganyika na nyingine nyingi. Aidha, umbo la mistari ya spektra humweleza hali ya elementi hiyo: imepoteza elektroni ngapi, na atomi jirani zimeizunguka kwa mpango gani.

Crispy ni kiolesura, yaani ile sehemu inayokutana na macho na mikono ya mtumiaji. Humpa orodha za kuchagua elementi, chaji, simetria, aina ya jaribio na ukingo, kisha humpa jedwali la vigezo. Yenyewe haikokotoi. Huandika maagizo kwa lugha ya Lua na kuyapeleka kwa programu nyingine, Quanty, iliyoasisiwa na Maurits Haverkort na wenzake. Quanty hukokotoa, na Crispy huchora matokeo. Zamani aliyetaka hesabu za aina hii alilazimika kuyaandika maagizo kwa mkono, mstari kwa mstari, kwa ajili ya programu zilizotokana na kazi ya Robert Cowan wa Marekani, ambaye kitabu chake kikubwa juu ya muundo na spektra za atomi kilitoka mwaka 1981. Mwaka 2010 Eli Stavitski na Frank de Groot walitangaza CTM4XAS, ambayo iliziwekea programu hizo dirisha la kuchagulia. Crispy imefuata njia hiyo, ikaongeza jambo kubwa: msimbo wake umewekwa wazi kwa leseni ya MIT, na maagizo inayoyaandika yaweza kuhifadhiwa, kusomwa na kusahihishwa. Kwa sifa hizo twaipongeza. Tuliyo nayo ya kulaumu yanahusu maneno.

2. Kiini na ndani

Kiini katika Kiswahili ni ile sehemu ya manjano ya yai. Ni moyo wa mti. Ni asili ya jambo. Katika fizikia ni kile kitu kidogo sana kilicho katikati ya atomi, na maana hii imekwisha kukaa mashuleni. Anayeandika "elektroni za kiini" atamfanya msomaji aamini kwamba elektroni hizo zimo ndani ya kitu hicho. Sivyo. Tukirudi kwenye yai, elektroni tunazozizungumzia ni mfano wa ule ute mweupe unaokigusa kiini. Umo ndani na umefichika, lakini ni ute.

Tofauti hii si ya maneno tu. Eksirei ikiiondoa elektroni ya 2p, nikeli hubaki kuwa nikeli, kwa sababu kiini chake hakikuguswa. Shughuli za nyuklia ni zile zinazogusa kiini, na ndizo zilizowekewa sheria na vibali. Neno moja basi liliihamisha programu ya hesabu kutoka darasani na kuitia katika fungu la mambo ya hatari.

Chanzo cha kosa ni njia tuliyoifuata. Tulitafuta kisawe cha neno la kigeni, hali tulipaswa kutafuta jina la dhana. Wageni wanalo neno moja wanalolitumia kwa moyo wa tunda na kwa elektroni zisizoshiriki katika muungano, na wanalo jingine kwa kiini cha atomi. Sisi kiini tumekwisha kukipa kazi. Twapendekeza "elektroni za ndani", "ngazi za ndani" na "spektroskopia ya ngazi za ndani". Tumechagua ngazi na kuacha kiwango kwa sababu kiwango chaweza kupanda na kushuka kidogo kidogo kama maji ya mtungi. Ngazi ina vipandio, na mtu hawezi kusimama baina ya viwili. Elektroni nazo ndivyo zilivyo.

3. Pengo na mwanya

Elektroni ya ndani ikiondoka huacha nafasi. Nafasi hiyo ndiyo mhimili wa nadharia yote, na hatuna budi kuipa jina. Katika maandishi yaliyonifikia nimekuta shimo na tundu. Shimo huchimbwa, nalo lina kina. Tundu hutobolewa, au hukaliwa na ndege. Yote mawili yahitaji kitu kigumu ambacho sehemu yake imetolewa. Elektroni inapoondoka hapatobolewi kitu. Palikuwa na nafasi yenye mwenyewe, na sasa mwenyewe hayupo. Kiswahili kina jina la nafasi ya namna hiyo, na kila mtoto wa miaka 7 hulibeba kinywani: pengo.

Uzuri wa neno hili ni kwamba laja na jamaa zake. Pengo la atomi halidumu. Elektroni ya ngazi ya juu hushuka na kulijaza kwa muda mfupi mno, ambao hupimwa kwa femtosekunde, yaani sehemu za sekunde iliyogawanywa mara bilioni milioni moja. Kiswahili tangu zamani husema kuziba pengo. Aliyesikia kwamba "pengo la 2p limezibwa na elektroni kutoka juu" ameelewa bila kuongezewa neno. Jaribu kusema kwamba shimo limefukiwa, uone jinsi udongo unavyoingia katika atomi.

Pana pingamizi moja lililo na nguvu. Baadhi ya wanaoandika juu ya vipitishi nusu wamekwisha kutumia "pengo la nishati" kwa ile nafasi baina ya kanda mbili za nishati ambamo elektroni haiwezi kukaa. Je, neno moja litumike kwa mawili? Haliwezi, kwa sababu mambo hayo mawili hukutana katika kitu kimoja. Oksidi ya nikeli, ambayo ni mfano unaopendwa na wakokotoaji, ina nafasi ya aina hiyo ya takriban elektronivolti 4. Na eksirei ikiipiga, huacha nafasi nyingine katika ngazi ya 2p. Ya kwanza ni ya kudumu, na hapakuwahi kuwa na elektroni hapo. Ya pili ni ya kupita, nayo ilikuwa na mwenyewe. Zikiitwa pengo zote mbili, mwanafunzi atauliza ni lini lile la kwanza litazibwa.

Kinywa kile kile kina jibu. Aliyezaliwa na nafasi baina ya meno ya mbele hatusemi ana pengo. Twasema ana mwanya. Hakung'oka jino. Ameumbwa hivyo, na wengi huuhesabu ni uzuri. Mwanya ni nafasi ya maumbile, na pengo ni nafasi ya upotevu. Twapendekeza basi "mwanya wa nishati" kwa dhana ya kwanza, na "pengo la ndani" kwa ya pili. Tunajua kwamba kuliondoa neno lililokwisha kuchapwa ni kazi ngumu. Lakini ni nafuu kulisahihisha sasa, walipo wachache waliolizoea, kuliko baada ya kuingia katika mitihani.

4. Upana na joto

Katika sehemu hii lawama si yetu peke yetu. Crispy ina visanduku viwili vya kuieneza mistari ya spektra, kimoja kikitajwa kwa jina la Gauss na kingine kwa jina la Lorentz. Majina hayo ni ya maumbo ya mistari, na mwanafizikia huyaelewa mara moja. Mwanafunzi haambiwi sababu zake. Kwa kawaida upana wa Lorentz hutokana na ufupi wa maisha ya pengo: kadiri pengo linavyozibwa upesi, ndivyo mstari unavyozidi kuwa mpana. Upana wa Gauss kwa sehemu kubwa hutokana na chombo cha kupimia kisichoweza kutenganisha nishati zilizokaribiana. Mmoja ni wa maumbile, na hauondoki hata chombo kikiwa bora namna gani. Wa pili hupungua chombo kikiboreshwa. Hili ni jambo la maana sana kwa anayejifunza, nalo limefichwa nyuma ya majina ya watu wawili.

Mfasiri naye akiingia aweza kuzidisha giza. Rasimu moja niliyoiona ilisema "utanukaji wa Gauss". Utanukaji katika vitabu vyetu ni ule wa chuma kinachopashwa moto. Kwa kuwa programu ina pia kisanduku cha halijoto, mwanafunzi atadhani akiongeza halijoto ndipo mistari itanukapo. Kisanduku hicho kina kazi nyingine kabisa: huamua ni kwa kiasi gani hali za chini za atomi zimekaliwa kabla eksirei haijafika. Twapendekeza "upana wa mstari", unaopimwa katika nusu ya kimo chake.

Je, mfasiri ana haki ya kuandika "upana wa pengo" na "upana wa chombo" hali mwandishi hakusema hivyo? Nilielekea kukubali, lakini nimejizuia. Kisanduku hupokea tarakimu yoyote, na mtumiaji aweza kuingiza humo sababu nyingine, kama mtetemo wa atomi. Jina la umbo libaki katika kisanduku, na sababu zielezwe katika maandishi yanayokifuata. Mfasiri humwangazia msomaji njia bila kumbadilishia mwandishi mwendo.

5. Kizidishi si kipimo

Kosa kubwa kuliko yote laweza kutokea katika jedwali la vigezo. Humo mna alama Fk na Gk, ambazo ni za kiasi cha kusukumana kwa elektroni, kwa mujibu wa hesabu zilizopewa jina la John Slater. Mbele ya kila alama pamekwisha kuwekwa tarakimu 0.8. Maana yake ni kwamba hesabu ya atomi iliyo peke yake hutoa msukumano uliopita kiasi, na kwa desturi ya miaka mingi wakokotoaji huupunguza hadi asilimia 80.

Tarakimu hiyo itaitwaje? Nimekuta "kipimo". Kipimo ni kitu kilichopimwa, au chombo cha kupimia. Tarakimu hii haikupimwa katika sampuli ya mwanafunzi. Imechaguliwa, na mwenye hoja aweza kuibadilisha. Ikiitwa kipimo, uamuzi wa mtu utavaa joho la maumbile, na mwanafunzi hatathubutu kuugusa. Twapendekeza "kizidishi", neno ambalo kila mwalimu wa hesabu analo, na ambalo halidai zaidi ya kazi yake.

Hapa pia twaulaumu utaratibu wa programu. Visanduku vyote huja vimejazwa, na mtumiaji aweza kupata mchoro bila kuuliza lolote. Hiyo ni huruma kwa mgeni, lakini ni huruma yenye hatari. Kwa ajili hiyo twashauri kwamba katika kila maandishi ya Kiswahili itajwe "spektra iliyokokotolewa" pale inapotoka katika programu, na "spektra iliyopimwa" pale inapotoka katika mashine. Uigaji ni neno zuri kwa kazi hii, mradi lisichanganywe na uigizaji wa jukwaani, na mradi kilichoigwa kisichukuliwe kuwa ushahidi.

6. Yasiyofasiriwa

Si kila kilichomo katika skrini kinahitaji Kiswahili. Herufi K, L na M zinazotaja kingo zina historia yake. Charles Barkla wa Uingereza alitumia kwanza A na B. Mwaka 1911 akahamia K na L ili kuacha nafasi ya herufi za mbele, endapo mionzi mingine ingegunduliwa. Haikugunduliwa. Herufi hizo ni kumbukumbu ya tahadhari ya mtu, na zimekwisha kuenea duniani kote. Mwenye kuzigeuza ziwe A, B na Ch atamkata mwanafunzi wetu na vitabu vyote vilivyobaki. Alama 10Dq, inayotaja umbali wa nishati kati ya makundi mawili ya obiti za d ndani ya uga wa fuwele, nayo iachwe kama ilivyo. Lakini ukingo ni neno letu na lafaa: mchoro wa ufyonzaji hupanda ghafla mahali hapo kama ukingo wa mto kwa anayetoka majini.

Neno la mwisho ni huria. Wapo wanaoiita Crispy "programu ya bure". Bure ni kisicholipiwa, lakini pia ni kazi isiyo na faida, na hakuna anayependa jitihada zake ziitwe hivyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kuileta Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, na tangu siku hizo neno huria limezoeleka kwa programu ambazo msimbo wake waweza kusomwa, kubadilishwa na kugawiwa. Lihifadhiwe kwa maana hiyo. Na pakumbukwe kwamba uhuria wa Crispy ni wa Crispy. Quanty ni programu nyingine, yenye utaratibu wake wa kuipata, na anayeomba kibali azitaje zote mbili.

Hitimisho

Kwa muhtasari, twayaweka mbele ya wasomaji mapendekezo haya:

Elektroni za ndani: elektroni za atomi zisizoshiriki katika muungano wa kikemia, zilizo karibu na kiini.
Ngazi ya ndani: hali ya nishati ya elektroni hizo.
Pengo la ndani: nafasi iliyoachwa na elektroni ya ndani iliyoondolewa.
Mwanya wa nishati: nafasi baina ya kanda mbili za nishati ambamo elektroni haiwezi kukaa.
Upana wa mstari: mweneo wa mstari wa spektra, upimwao katika nusu ya kimo.
Kizidishi: tarakimu iliyochaguliwa ya kuongezea au kupunguzia kiasi kilichokokotolewa.

Haya si maamuzi. Ni maombi ya kusahihishwa. Walimu wa fizikia na kemia wayajaribu darasani, wafasiri wayajaribu katika sentensi ndefu, na watumishi wa ofisi wayajaribu katika barua, kwa kuwa mapito yote matatu ni ya lazima. Istilahi iliyopita katika kamusi peke yake haijapita.

Waraka wa yule mwalimu tumeuandika upya, safari hii tukiwa wawili mezani, yeye akiwa na kompyuta na mimi nikiwa na kalamu. Kila neno nililolitaka alinionyesha kwanza kitu chenyewe. Kazi ya kurasa tatu ilituchukua siku mbili, na neno kiini limebaki mara moja tu, katika sentensi isemayo kwamba hakiguswi.